Mtoto Asiyejua Sakafu

Bi Mauwa alikuwa na mume wa miezi tisa, na kwa mume huyo hakuwa na mchezo. Jina lake Mfaume, jina la marehemu babu yake, na kwa kuwa mjukuu aliyerithi jina la babu ni mume wa bibi, Bi Mauwa alimwita "mume wangu" mbele ya wapangaji wote wa nyumba ile ya Charambe, Mbagala, na hakuna aliyeshangaa. Asubuhi mama wa mtoto, Recho, alipoondoka kwenda kiwandani kushona sare za shule, Bi Mauwa alimfunga mumewe mgongoni kwa mbeleko. Akichoka mgongo, alimpakata. Akichoka kumpakata, alimkalisha kwenye beseni la plastiki lililojazwa khanga pande zote ili asiyumbe, akakaa ubavuni mwake, mkono mmoja umeshika ukingo wa beseni. Chini hakumweka. Nyumba ina vyumba sita na korido moja, na kwenye korido hiyo kuna majiko ya mkaa, ndoo za maji na viatu vya watu waliotoka sokoni na matope yao. Sakafu ile hata paka aliipita kwa haraka.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kupendeza, mashavu yamejaa, macho ya kuuliza. Shida ilikuwa moja tu. Watoto wa rika lake mtaani walikuwa wanatambaa na wengine wanashika kuta, lakini Mfaume hakutambaa, wala hakuwa amewahi kugeuka kutoka mgongoni kwenda tumboni. Ukimtolea zile khanga za beseni, alianza kuinama polepole upande mmoja, anakutazama, mpaka analala.

Aliyelitamka neno alikuwa Mama Albano, muuza maandazi wa chumba cha tatu. Aliitazama miguu ya mtoto, akashusha sauti ile ambayo watu huishusha wanapotaka wote wasikie.

"Shoga, huyu kabemendwa."

Hilo ni neno zito, na Mbagala nzima inalijua. Mama anayenyonyesha akitoka nje ya ndoa yake, husema watu, mtoto hulegea viungo. Atachelewa kukaa na atachelewa kutambaa, na mama hahitaji kuulizwa kitu kwa kuwa miguu ya mwanawe imekwisha kumsemea. Bi Mauwa alilisikia neno hilo tangu yu msichana kwao Nachingwea na hakuwahi kulitilia shaka. Basi akaanza kupiga mahesabu. Mwanawe Khalfani, mume wa Recho, alikuwa Masasi, huu ukiwa mwezi wa tatu tangu aondoke, anasimamia upakiaji wa korosho kwenye malori. Recho alikuwa anarudi nyumbani jioni sana, eti kiwanda kina oda kubwa kabla shule hazijafunguliwa. Tena mara mbili alishushwa na bajaji ya fundi mwenzake. Kwa mtu anayetafuta, hayo yanatosha kabisa.

Hakungoja hata kesho yake. Alisimama uani, simu sikioni, mtoto mgongoni, wapangaji wanafua nguo pembeni, akamwambia mwanawe maneno yale yale aliyoambiwa na Mama Albano.

"Mzigo utakwisha baada ya wiki mbili," Khalfani alisema. "Nakuja. Kama ni kweli, mama, mie sina mke."

Recho alizipata habari kabla hajavua viatu, maana uani palikuwa na masikio mengi. Aliapa. Alishika Msahafu. Bi Mauwa akamjibu kwamba mdomo unaweza kuapa lakini miguu ya mtoto haijui uongo. Recho akalia, kisha akajifuta uso kwa upande wa khanga.

"Mama," alisema, "nesi wa kliniki aliniambia mwezi uliopita nimpeleke mtoto kwa Mwalimu Herieth, pale chekechea. Anawafanyisha watoto wadogo michezo na mazoezi, Jumanne na Alhamisi. Mie kazini hawanipi ruhusa. Mpeleke wewe. Mwalimu akikwambia mtoto huyu ana ugonjwa, tutamtibu. Akikwambia kabemendwa, nitafungasha mwenyewe. Nimeshamwambia kaka yangu wa Tandika anitafutie chumba."

Bi Mauwa alikubali bila kusita. Hakukubali kwa wema. Alitaka shahidi mwenye cheti.

Jumanne akaenda, mdomo umebinuka. Tangu lini mtoto wa miezi tisa akawa na darasa? Anasomea nini, kulia? Lakini alipofika chumba cha nyuma cha chekechea alikuta watoto kumi na mmoja wamelazwa juu ya magodoro membamba na mikeka, na pembeni ya kila mmoja yupo mzazi wake. Vitu vya kuchezea vilikuwa vya nyumbani: chupa za maji zilizotiwa choroko zikakazwa vifuniko, mifuniko ya sufuria, vipande vya khanga vilivyoning'inizwa kwenye kamba. Mwanamume alikuwa mmoja tu, kijana fundi seremala aitwaye Cyprian, aliyekuja na binti yake aliyekuwa anatambaa kwa kasi ya mwizi.

Mwalimu Herieth alikuwa mwanamke mfupi wa Kipare, nywele zimeanza mvi, aliyefanya kazi ya kunyoosha viungo vya watoto hospitalini kwa miaka mingi kabla hajastaafu na kuazima chumba hiki. Alimwamkia Bi Mauwa shikamoo kwa kukunja magoti kidogo, kama inavyopasa. Kisha akafanya jambo ambalo Bi Mauwa hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Aliinama mbele ya Mfaume, akamnyooshea mikono, akamuuliza, "Naweza kukubeba, baba?" Akangoja. Si kwa utani, alingoja kweli, kama mtu aliyebisha hodi. Bi Mauwa alitaka kucheka. Mtoto wa miezi tisa atakujibu nini? Lakini Mfaume alimtazama yule mwanamke, akatazama mikono yake, akainua ya kwake.

Lazima isemwe, hata Bi Mauwa na kinywa chake alikiri moyoni kwamba mwanamke huyu alikuwa na mikono. Mikono yake haikuwa na haraka. Haikumvuta mtoto wala kumkunja, na mtoto aliyekuwa analia akishikwa nayo alinyamaza, akasikiliza.

Walikaa duara. Kila mzazi alieleza mwanawe kafanya nini kipya wiki ile. Mmoja kashika kijiko, mwingine kajigeuza mpaka akaingia chini ya kitanda na kutafutwa nusu saa. Zamu ilipofika kwa Bi Mauwa, Mwalimu Herieth aliuliza kwa upole, "Bibi, Mfaume huwa anakaa chini muda gani kwa siku?"

Bi Mauwa alinyoosha mgongo.

"Chini? Mwalimu, mume wangu huyu tangu azaliwe hajagusa sakafu. Hata dakika moja! Mie si mlezi wa kutupatupa mtoto."

Chumba kilinyamaza. Bi Mauwa aliupokea ukimya ule kama heshima, akawatazama akina mama wale vijana kwa huruma, nao wakatazama mikeka yao.

"Miezi tisa mgongoni," Mwalimu Herieth alisema. "Bibi, mgongo huo una kazi. Wengi humu hawawezi hata miezi miwili." Na alisema hivyo bila kejeli yoyote.

Ndipo wakaombwa kuwalaza watoto kifudifudi. Bi Mauwa alimlaza Mfaume, na Mfaume alipiga yowe la kuita majirani. Alikunja miguu, akainua mikono, mwili wote unakataa kugusa mkeka, kama mtu aliyetiwa kwenye maji ya baridi. Bi Mauwa alimnyakua mara moja.

"Mnaona? Miguu haina nguvu. Ndiyo maana nimekuja, mwalimu. Nataka useme wewe, si mie."

Mwalimu Herieth alikaa mbele yake. Aliomba ruhusa kwa bibi, kisha kwa mjukuu, akaweka kiganja chake kwenye nyayo za mtoto aliyepakatwa. Mfaume alisukuma. Alisukuma mpaka mwalimu akaserereka nyuma kidogo, na wazazi wakacheka.

"Weka mkono wako, bibi."

Bi Mauwa akaweka. Alisukumwa na nguvu ambayo hakuitegemea, nguvu ya mtu mwenye hasira na mlango uliofungwa. Akaondoa mkono, akaurudisha, akasukumwa tena.

"Kwa hiyo hajabemendwa?" aliuliza, na akauliza kwa sauti, maana hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

Mwingine angecheka, au angetoa hotuba juu ya imani potofu za watu wa Pwani na Kusini, na Bi Mauwa angefunga mbeleko yake na kuondoka asirudi. Mwalimu Herieth hakufanya lolote kati ya hayo.

"Bibi, mie nimeshika miguu ya watoto miaka ishirini na mbili. Iliyougua naijua, iliyolegea naijua. Hii ni mizima kabisa. Ila haijui sakafu. Mtoto hawezi kutambaa mahali ambapo hajawahi kupaona."

Bi Mauwa alirudi nyumbani amefura. Njia nzima alikuwa anajibizana na mwalimu kichwani, na kichwani alikuwa anashinda. Yeye kalea watoto sita! Wote aliwabeba kwa mbeleko hii hii, na wote walitambaa kwa wakati wao. Mpare gani atamfundisha kulea? Alipofika aliketi uani kuchagua mchele, mtoto mgongoni, akaamua kuupanga ushahidi wake vizuri ili Alhamisi amnyamazishe mwalimu mbele ya watu. Angewataja mmoja mmoja, na mahali ambapo kila mmoja alianza kutambaa.

Wa kwanza alianzia shambani, kwenye karanga. Alikuwa amemlaza juu ya khanga ili apate kulima. Wa pili alianza uani kwa mama mkwe, siku za kutwanga, maana huwezi kutwanga na mtoto mgongoni siku nzima. Wa tatu, Khalfani mwenyewe, alitambaa kuufuata mchi uliomponyoka mama yake. Wa nne alianzia kisimani, ameachwa na dada yake juu ya mchanga. Alipofika kwa wa tano, mikono ya Bi Mauwa ilisimama ndani ya ungo.

Wale sita aliwaweka chini. Kila siku aliwaweka chini, wala hakuwahi kufikiri juu yake, kwa sababu alikuwa na jembe la kushika, na mchi, na ndoo. Huyu wa saba hakuwekwa chini kwa sababu hapa Mbagala hana shamba, hana mchi, unga unanunuliwa dukani na maji yanafika bombani. Mikono yake ilikuwa mitupu tangu aletwe mjini, akaijaza mtoto. Alimpenda mpaka akamfunga.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Nyani haoni kundule, alijiambia, na hakujionea huruma. Kisha ikaja hofu, maana alikumbuka simu. Alikuwa ameichoma ndoa ya mwanawe kwa maneno mawili, na moto bado unasafiri kuja.

Angeweza kupiga simu pale pale. Alimtafuta Khalfani kwenye simu, jina likatokea, kidole kikaning'inia hewani. Akaiweka simu chini. Tusimpambe kwa sifa asizokuwa nazo siku ile. Mama wa watoto sita, anayeitwa kwenye kila shughuli ya mtaa kuogesha mzazi na kukanda mtoto, aseme nini? Aliamua mtoto kwanza atambae, mengine yatafuata.

Basi akafanya kazi, na hapo ndipo mtu angemvulia kofia. Alikisugua chumba kwa sabuni na brashi, kona kwa kona, magoti yake ya miaka sitini na tatu yanalia kama bawaba. Alisukuma kitanda ukutani, akatandika mkeka, akapiga marufuku viatu. Mama Albano alichungulia mlangoni na kandambili zake, akafukuzwa kwa mkono. Alhamisi alikuwa wa kwanza kufika darasani, kabla ya mwalimu mwenyewe.

Lakini darasa lilikuwa na mtihani wake. Mchezo wa siku ile uliitwa "geuza chapati," na mzazi alitakiwa alale kifudifudi uso kwa uso na mwanawe, wageuke pamoja. Bi Mauwa alitazama dera lake, akamtazama Cyprian. Mwanamke wa umri wake alale kifudifudi mbele ya mwanamume wa umri wa mwanawe? Alibaki ameketi, Mfaume kapakatwa.

Cyprian aliokota mkeka wake na binti yake, akahamia pembe ya mbali, akageukia ukuta. Kisha akina mama wawili walisimama, wakashika khanga moja ncha kwa ncha, wakaifunga kwenye kamba kati ya pembe ile na darasa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Bi Mauwa aliwatazama vijana wale, wasiomjua wala kumdai chochote. Akavua viatu, akalala kifudifudi.

"Chapati, chapati, upande huu umeiva," Mwalimu Herieth aliimba, wimbo wa kujitungia, na wazazi wakageuka. "Chapati, chapati, na huu nao je?"

Mfaume alilia. Kisha aliona jambo la ajabu: bibi yake yuko chini. Uso wake ule aliouona siku zote ukiwa juu yake, au asiouona kabisa akiwa mgongoni, ulikuwa pale pale kwenye mkeka, mkubwa, unacheka, unageuka. Akaacha kulia ili atazame vizuri.

"Sasa anajua pana mtu huku chini," mwalimu alisema. "Mtoto haendi mahali pasipo na mtu wake."

Nyumbani walilala mkekani kila siku, asubuhi na alasiri. Siku ya kwanza Mfaume alivumilia kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja. Siku ya tatu, vitunguu vitano. Akaanza kuinua kichwa. Akaanza kukwaruza mkeka kwa kucha kuusikia mlio wake. Recho akirudi jioni alimkuta mwanawe chini na mama mkwe wake chini, akatoa shikamoo yake kavu, akamchukua mtoto kumnyonyesha, akampa Bi Mauwa mgongo. Bi Mauwa kila jioni alifungua kinywa, na kila jioni akakifunga.

Jumanne ya pili, katikati ya darasa, Mfaume alikuwa chali, anaitazama chupa ya choroko iliyowekwa upande. Alinyoosha mkono, haukufika. Aliuvusha mguu mmoja juu ya mwenzake, akakwama ubavuni, akaguna kama mbeba magunia wa sokoni. Bi Mauwa alinyoosha mkono amsaidie.

"Muache, bibi," mwalimu alinong'ona. "Ni kazi yake."

Kumuacha kulikuwa kugumu kuliko kumbeba miezi tisa. Mfaume aliguna tena, akasukuma, na ghafla dunia ikapinduka: alikuwa juu ya tumbo lake, chupa mkononi, ameshangaa kuliko wote. Kwa Mwalimu Herieth hakuna vigelegele mtoto akiweza jambo, kwa kuwa hushtuka akaacha. Wazazi walitabasamu tu, kimya, chumba kizima meno nje. Bi Mauwa, aliyezaliwa na kigelegele kooni, alijaza upindo wa khanga mdomoni akauuma, machozi yanamtoka.

Baada ya darasa alimweleza mwalimu yote: neno la Mama Albano, simu, Khalfani anayekuja Jumamosi. "Kwa sasa anageuka," alisema. "Akitambaa kabla ya Jumamosi, mambo yatakwisha yenyewe, au sivyo? Nitamwambia mwanangu mtoto kapona."

Mwalimu Herieth alikuwa anakunja mikeka. "Hatatambaa Jumamosi, bibi. Baada ya wiki tatu, nne, labda." Akaegemeza mkeka ukutani. "Na hata akitambaa. Ukisema kapona, umesema alikuwa anaumwa. Watauliza ni nani aliyemfanya augue."

Bi Mauwa alikwenda na neno hilo mpaka nyumbani, na Jumatano, na Alhamisi, na Ijumaa hakulala vizuri.

Jumamosi mchana Khalfani aliingia na gunia dogo la korosho begani na uso usiotaka salamu. Alimwamkia mama yake. Hakumtazama mkewe aliyesimama mlangoni na mtoto. Kwa bahati ya ajabu, wapangaji wote siku ile walikuwa na nguo za kufua, na Mama Albano alileta stuli.

"Mama, tuingie ndani tuongee," Khalfani alisema.

"Hatuingii popote," Bi Mauwa alisema. "Neno nililisemea hapa uani, na litafutwa hapa hapa uani. Recho, mwanangu, njoo ukae."

Alitandika mkeka mwenyewe juu ya saruji, akamlaza Mfaume, akamwambia Khalfani aweke kiganja kwenye nyayo za mwanawe. Khalfani akaweka, bila kuelewa. Mtoto akasukuma. Uso wa yule mwanamume ulibadilika. Akaweka na mkono wa pili.

"Ana nguvu," alisema. "Mama, si ulisema..."

"Nilisema kabemendwa. Mkeo hajambemenda mtu. Mkeo kashinda kwenye cherehani miezi mitatu ili mwanao anywe maziwa, na jioni karudi na bajaji kwa kuwa kachoka, hata mie ningepanda."

"Lakini shoga, dalili zote..." Mama Albano alianza.

"Mama Albano, maandazi yako yanaungua."

Hayakuwa yanaungua, lakini Mama Albano alinyamaza.

"Sasa nani kamlegeza mwanangu?" Khalfani aliuliza.

"Mie."

Bi Mauwa hakuinamisha kichwa. Alisema wazi, neno baada ya neno, kama anayetoa ushahidi dhidi ya mtu mwingine: kwamba mtoto huyu hajagusa sakafu miezi tisa kwa kuwa bibi yake hakutaka kumtua, kwamba kama kuna dhambi iliyoilegeza miguu ile basi ni mapenzi yake mwenyewe yasiyo na akili, kwamba alijua hayo siku kumi na moja zilizopita, na akanyamaza kwa kuona haya.

"Siku kumi na moja," Recho alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Bi Mauwa alimgeukia. Mwanamke yule mwenye maneno mengi kuliko soko la Rangi Tatu alilazimika kuyatafuta.

"Recho, nimekukosea. Sikukukosea chumbani, nimekukosea mbele ya nyumba nzima na mbele ya mumeo. Naomba unisamehe. Na kama humtaki tena mwanao mikononi mwangu, ni haki yako, sitanung'unika. Kesho kuna gari la Nachingwea."

Khalfani alitaka kusema kitu. Recho aliinua kiganja, akamzuia.

"Mama, nimeshona sare wiki mbili huku nalia. Sindano imenipita kidoleni mara tatu."

"Najua, mwanangu."

"Hujui."

"Kweli," Bi Mauwa alisema. "Sijui."

Recho alitazama chini. Mfaume alikuwa amejigeuza tena, yuko juu ya tumbo lake, anakwaruza mkeka, anainua kichwa kuwatazama mmoja mmoja. Alipompata bibi yake alicheka. Bi Mauwa aliuficha mkono wake nyuma ili usimnyookee mtoto ambaye huenda si wake tena kubeba.

"Mie msamaha sijaupata bado," Recho alisema taratibu. "Nautafuta. Ukija nitakwambia." Aliinama akamfuta mwanawe udenda. "Lakini Jumanne saa nne ni darasa, na mie nipo kazini. Huyu mumeo atapelekwa na nani?"

Bi Mauwa alivua viatu. Mbele ya wapangaji wote akalala kifudifudi pale mkekani, uso kwa uso na mumewe.